Sauti ya Boyie: Redio ya Vijana na Suala la Uraia

Mwezi wa Februari 2010, mjini Nairobi, kilizaliwa kituo cha redio kisichokuwa na jengo wala kibali. Mwenyewe aliitwa Boyie, kijana aliyemaliza shule, asiye na kazi, angali anaishi kwa wazazi wake. Kutoka chumbani mwake aliyaingilia mawimbi ya FM kwa siri. Boyie si mtu, ni mhusika. Aliundwa na kampuni ya Well Told Story katika mradi wa Shujaaz, uliounganisha kijitabu cha katuni, kilichosambazwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation, na vipindi vilivyorushwa na vituo vya redio vya kweli. Mwaka 2012 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Sisi wa masomo ya Kiswahili tumezoea kuwaachia wataalamu wa maendeleo kazi za namna hii, nao huzipima kwa hesabu ya wasikilizaji. Lakini kazi hii ina wahusika, ina msuko, ina lugha yake. Yafaa basi ihakikiwe kama tunavyohakiki tamthiliya.

Uhodari wake umo katika fani. Kumfanya msemaji awe mwizi wa mawimbi ni uamuzi wa kisanaa wenye maana: kipaza sauti kimetoka mikononi mwa mwalimu, chifu na waziri, na msikilizaji anaambiwa siri na mwenzake wa rika. Lugha nayo ni Sheng. Tukumbuke wakati wenyewe. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, na baadhi ya redio zilizotangaza kwa lugha za makabila zilishutumiwa kwa uchochezi. Sheng haikuwa mali ya kabila lolote. Tena nchi ilikuwa ikielekea kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, iliyopitisha katiba ambayo ibara yake ya 55 inaidai serikali iwape vijana nafasi ya kushiriki katika siasa.

Wapo watakaosema Sheng inaharibu Kiswahili. Lawama hiyo tunaijua hapa Lubumbashi, na kikundi cha Mufwankolo kiliijibu zamani kwa vitendo, kilipocheza michezo yake redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha mji huu; Johannes Fabian aliona kazi yao inastahili kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990. Hofu yetu ni nyingine. Muziki, mzaha, maneno ya mtaani: mbinu hizi hazina wema ndani yake zenyewe. RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilizitumia zote ili kuwavuta vijana, na eneo letu la Maziwa Makuu lajua mwisho wake. Kwa hiyo haitoshi kuisifu redio kwa kuwa vijana waipenda. Sharti tuulize inawafanya wawe nani.

Hapo ndipo Shujaaz inapopungua. Hadithi yake mojawapo iliyopata umaarufu ni ile ya vifaranga waliopakwa rangi ya waridi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Ni shauri zuri, la gharama ndogo, na kijana wa shamba aweza kulijaribu kesho asubuhi. Tatizo, ujanja, mafanikio: huo ndio msuko. Kwa vifaranga wafaa kabisa. Lakini mradi uliouzoea msuko huo ulitaka pia kusema juu ya utawala, na huko msuko wakataa. Zahanati isiyo na dawa haipakwi rangi. Inahitaji mtu aulizwe fedha zimekwenda wapi, na mtu huyo ana cheo, ana jina, pengine ana walinzi. Boyie hawezi kumwalika chumbani kwake, maana angejulikana. Siri iliyompa haki ya kusema mbele ya vijana ndiyo inayomnyima mtu wa kumjibu. Vijana walimwandikia kwa simu na kwa Facebook. Walimwandikia kijana mwenzao asiye na madaraka, tena asiyekuwapo. Raia anayefinyangwa na msuko huu ni mtu mwerevu ajisaidiaye. Sikatai kwamba huo ni mwanzo. Ila mwerevu ajisaidiaye hamsumbui mtawala hata kidogo, na labda ndiyo sababu mradi kama huu hupata marafiki wengi.

Kwetu Kongo twaujua mfano wa kinyume chake. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ina mjadala wake mkuu, Dialogue entre Congolais, ambamo mbunge au waziri huketi na kuulizwa kwa jina lake, na anayemuuliza ana jina pia. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wa redio hiyo, walipigwa risasi na kufa mjini Bukavu, wa kwanza Juni 2007, wa pili Novemba 2008. Anayesoma Shujaaz akiwa Bukavu haoni mchezo katika kujificha kwa Boyie.

Mjadala huo, hata hivyo, huendeshwa kwa Kifaransa. Okapi hutangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwamo, lakini kijana wa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi) aliyeacha shule mapema hupewa habari kwa lugha yake, na ubishi kwa lugha ya wengine. Waziri anapobanwa kwa swali, yeye husikia sauti zikipanda, asijue ni lipi lililokataliwa kujibiwa.