Mshikamano bila Muwala: Uhakiki wa Usanifu wa Mafunzo ya Moduli kwa Wahadhiri, kwa Kurejelea Ifakara

Uhakiki huu unachunguza muundo uliozoeleka wa mafunzo ya ualimu kwa wahadhiri wa vyuo vikuu: moduli ya mtaala, ya mbinu za kufundishia, ya upimaji, ya TEHAMA na ya usimamizi wa tasnifu. Hoja inayotetewa ni kwamba muundo huo mara nyingi huwa na mshikamano lakini hukosa muwala. Halliday na Hasan (1976) walionesha jinsi urejeleo, viunganishi na urudiaji wa maneno unavyofunga sentensi za matini. Wanaisimu wengine wakasisitiza kwamba viungo hivyo pekee haviipi matini maana moja. Vivyo hivyo, majalada yanayofanana, saa zinazolingana na fomu moja ya tathmini havizifanyi moduli tano kuwa programu moja.

Ifakara inaliweka wazi tatizo hili. Maabara ya utafiti ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilijengwa hapo mwaka 1957, na chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko kikaanzishwa mwaka 2010 karibu na hospitali yenye jina hilohilo. Katika mazingira ya aina hii, mhadhiri aghalabu ni tabibu au mtafiti kwanza. Amefuzu taaluma yake, lakini si lazima awe amefunzwa kufundisha.

Tuchukue somo la malaria kwa wajawazito. Katika moduli ya mtaala, mhadhiri huandika lengo kwamba mwanafunzi aweze kumshauri mama kuhusu kinga. Katika moduli ya mbinu, hujifunza majadiliano ya vikundi kwa mfano wa somo jingine. Katika moduli ya upimaji, hutunga maswali ya kuchagua jibu, kwa Kiingereza. Kila moduli imefaulu peke yake. Mama wa Kipogoro au wa Kindamba, atakayehitaji kuelezwa kwa Kiswahili chepesi, hayumo katika yoyote. Biggs (1996) alidai kwamba malengo, shughuli za ujifunzaji na upimaji vioane. Hapa uwiano huo umevunjika, na anayeulipia ni mgonjwa.

Yapo mapendekezo ya kuongeza moduli ya sita ya kuunganisha. Hiyo ni kuongeza kiunganishi mahali ambapo mada haipo. Kinachofaa zaidi ni kila mhadhiri aingie na kozi yake mwenyewe na kuifanyia kazi hiyohiyo katika moduli zote: alirekebishe lengo, alifundishe wodini au kijijini, kisha ampime mwanafunzi akizungumza na mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa.

Watetezi wa moduli huru wana hoja ya msingi: tabibu mwenye zamu hawezi kufuata ratiba isiyobadilika, hasa katika hospitali yenye madaktari wachache. Hata hivyo, uhuru wa ratiba hauhitaji uhuru wa maudhui. Moduli zinaweza kuchukuliwa kwa mpangilio wowote ikiwa kozi inayoboreshwa ni moja na jalada la kazi ni moja. Gharama yake ni kwamba wawezeshaji wa moduli zote watalazimika kusoma jalada hilo na kukubaliana kuhusu tathmini yake, kazi ambayo bajeti za mafunzo haziihesabu kwa kawaida. Tathmini ya programu yoyote ya aina hii ianzie hapo.