Maji ya Kinjeketile na Sifuri Niliyoitoa

Kwa miaka mingi nilifundisha Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapwa mwaka 1969, kama somo jepesi: watu waliamini maji, risasi zikawaumbua, kwa hiyo imani ni ndoto, na risasi ndiyo ukweli. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Umatumbini, aliandika katika insha yake kwamba maji yalikuwa ya kweli, kwani bila hayo babu wa baba yake asingetoka nyumbani kwenda kupigana. Nilimpa sifuri. Sasa nimestaafu, nimeisoma upya tamthilia hiyo, na naona aliyestahili kusahihishwa ni mimi.

Vita vya Majimaji vilianzia huku kwetu, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa bado vichanga. Hussein hakumwacha afe mapema hivyo. Alimweka hai hadi watu wakashindwa, ili ayaone mwenyewe matunda ya neno lake. Wako wanaosema hapo mwandishi ameharibu historia. Mimi nasema hapo ndipo penye kiini cha kazi yake.

Mhusika huyu anazama mtoni Rufiji na kuibuka na habari ya maji na ya umoja. Lakini katika kupagawa kwake ametamka pia kwamba baada ya ushindi watu watakuwa chini ya Seyyid Said, sultani aliyekwisha kufa tangu mwaka 1856. Anapoelezwa aliyoyasema, anashtuka na kuanza kuyatilia shaka. Anataka watu wasubiri. Hawasubiri. Neno limekwisha kuwa lao.

Je, fikra hukaa wapi? Mimi nilifundisha kwamba hukaa kichwani tu, na nje ya kichwa ndiko kuliko na mambo ya kweli. Kwa risasi ni sawa. Risasi haimwulizi mtu anaamini nini. Lakini umoja wa Wamatumbi na Wangindo, watu wasiokuwa na mtawala mmoja, haukuwapo kabla ya kuaminiwa. Ulizaliwa na imani, kisha ukawasumbua Wajerumani hadi 1907. Hata serikali yao ilitegemea fikra kwa sehemu kubwa: Wajerumani walikuwa wachache, askari wao wengi walikuwa Waafrika, na walipa kodi walikwisha amini kuwa kukataa hakuwezekani. Basi upo ukweli usiotuhitaji, na upo ukweli unaoishi kwa kukubaliana kwetu. Maji yalikuwa ya kweli kwa namna hii ya pili. Msiba ulikuja yalipotwishwa kazi ya ile ya kwanza.

Mwishoni, akiwa kifungoni, Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Hapo nina lawama moja. Tamthilia inafunga mlango gerezani, na njaa iliyofuata vita inabaki nje. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Wako wanahistoria wanaovifikisha 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mama aliyezika wanawe hapewi nafasi ya kusema kama neno lile lilistahili bei hiyo. Hata hivyo, katika kukataa kwake namuunga mkono Kinjeketile. Kukana maji mbele ya Mjerumani kungekuwa kuihalalisha pamba.

Lau ningelipata tena daftari la yule kijana, ningeifuta sifuri. Kisha ningemwuliza swali ambalo sikumwuliza siku ile: na bila maji, je, babu wa baba yako asingejikinga?