Ufundi wa Kuachia Jukwaa

Msanii hufunzwa kuliteka jukwaa. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo kutoka Brazil, alifundisha ufundi mgumu zaidi: kuliachia.

Mwaka 1973, akiwa uhamishoni, alishiriki kampeni ya kisomo nchini Peru. Kikundi chake kiliigiza kisa cha mwanamke asiyejua kusoma, ambaye mumewe alimpa makaratasi amtunzie, kumbe ni barua za hawara. Afanyeje? Watazamaji walitoa mawazo, waigizaji wakayacheza. Mama mmoja hakuridhika. Alitaka mume aambiwe ukweli wake, na kila walipojaribu akaona wanamlegezea. Boal akamwomba apande mwenyewe. Alipanda, akashika ufagio, akamcharaza yule mwigizaji maskini, kisha akamtuma jikoni akamletee chakula.

Kutokana na tukio hilo likazaliwa igizo la mjadala. Kisa huchezwa hadi mwisho wake mbaya. Kikirudiwa, yeyote aliyeketi anaweza kupaza sauti, "Simama!", akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia yake. Waigizaji hawamtilii huruma: mwajiri anabaki mbishi, polisi anabaki mkali. Hapo hakuna maneno ya kukariri. Wanamjibu papo kwa papo.

Katikati yupo mwendeshaji, ambaye Boal alimwita jokeri. Huyu ndiye ninayemvulia kofia. Huenda ana majibu yake, lakini hatoi hata moja. Mtu akimgeuza dhalimu kuwa malaika ghafla, jokeri huwauliza waliokaa: "Hili linawezekana, au ni uchawi?" Wao ndio wanaoamua, na mwingine ananyanyuka. Jokeri mwenye pupa ya kufundisha huua mchezo kwa hotuba moja. Aliye mwoga huuacha ugeuke kelele.

Anayedhani huku ni kupanda jukwaani bila maandalizi anakosea. Igizo lazima lisukwe vizuri, mgogoro uonekane, na pawe na upenyo wa mtu kuingilia. Wala mchezo haukuishia jukwaani: Boal alipochaguliwa diwani wa Rio de Janeiro mwaka 1992, aliupeleka mchezo huo kwa wananchi, na mapendekezo yao yakazaa sheria 13 za jiji. Sishangai. Mtu aliyekwisha kubishana na bosi wa kuigiza, akashindwa, akabuni hoja nyingine mbele ya majirani zake, haendi kwa bosi halisi mikono mitupu.