Panya Asiye na Tezi

Kitabu cha Hans Selye, The Stress of Life, kilichotoka mwaka 1956, kina sehemu mbili zisizolingana uzito. Moja ni kazi ya mtafiti. Nyingine ni mahubiri. Wasomaji wengi wamebaki na mahubiri. Mimi nawasihi warudi kwa panya.

Mwaka 1936, akiwa Montreal, Kanada, Selye alieleza kwamba panya waliotiwa baridi, waliojeruhiwa, waliochoshwa au waliopewa dawa kali walionyesha dalili zilezile. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zilikua. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, ilinywea. Tumbo lilipata vidonda. Ndipo likaja swali ambalo kila mwalimu angependa kulisikia darasani: ni nani anayemtuma mwenzake? Adrenali zikaondolewa. Panya akataabishwa tena, lakini safari hii thaimasi haikunywea. Kumbe amri ilikuwa ikitoka kwenye adrenali.

Msomaji asidhani kwamba panya huyo amepata raha. Kortikosteroni, homoni ambayo kwa panya hufanya kazi ya kortisoli ya binadamu, hupungua mno katika damu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haipati jibu. Basi huzidi kumwaga homoni yake ya kuziamsha adrenali, mfano wa mkuu wa chuo anayeandika barua juu ya barua kwa ofisi isiyo na karani. Chumvi nayo hupotea katika mkojo, hata panya hupewa maji ya chumvi ili aishi. Baridi ambayo mwenzake angeistahimili huweza kumuua.

Hapa namlaumu Selye, na wafasiri wetu pia. Yeye aliruka kutoka kizimbani hadi kwenye falsafa ya shukrani na kisasi, pasipo daraja. Wao wakatupa jina "msongo wa mawazo", ilhali panya wale walitaabishwa na baridi na majeraha. Jina hilo humfanya mgonjwa aambiwe, "Punguza mawazo," kumbe mwili wake ndio uliopungukiwa. Mtu mwenye ugonjwa wa Addison, ambaye adrenali zake zimeharibika, hatibiwi kwa nasaha. Humeza homoni kila siku, na akishikwa na homa huongezewa kipimo. Somo hilo lilikuwa tayari kwa panya, mahubiri yamelifunika.