Mama Pima wa Mwisho wa Dunia

Neno letu “ustaarabu” lina kazi mbili, na vitabu vya Historia vya shule hutumia moja tu. Humo, ustaarabu wa kwanza ulizaliwa Mesopotamia, kati ya mito Tigris na Euphrates, halafu inafuata orodha ya kukariri: maandishi, gurudumu, mifereji, sheria za Hammurabi, saa yenye dakika 60. Mtaani, mstaarabu ni mtu mwingine kabisa. Ni yule anayesalimia watu, haruki foleni, akinywa anakumbuka kuna watoto nyumbani. (Asili ya neno lenyewe, kujifanya Mwarabu, ina kesi yake, tuiache leo.) Mimi nataka kuusoma Utenzi wa Gilgamesh kwa maana hii ya mtaani, kwa sababu naamini watunzi wake wa zamani walikuwa upande huo.

Uruk, mji wa Gilgamesh, una kila kitu kwenye orodha. Ukuta wake ulikuwa wa kama kilomita 9. Maandishi ya kale zaidi tuliyo nayo yanatoka huko, karibu mwaka 3300 KK, na mengi si mashairi ati; ni hesabu za stoo, shayiri na pombe. Lakini utenzi unaanza na raia wakilia. Mfalme hawapi vijana wao nafasi ya kupumua, na bibi harusi hayuko salama mbele yake. Miungu inasikia kilio, inamuumba Enkidu wa kumkabili: mtu wa manyoya anayekula nyasi na swala.

Anayemtoa porini ni Shamhat, kahaba. Wasomaji wengi wanakumbuka tu zile siku sita na usiku saba za mapenzi, wanacheka, wanafungua ukurasa mwingine. Wanapitwa na kitu kizuri zaidi. Katika toleo la kale, la karne ya 18 KK hivi, Shamhat anagawa nguo yake mara mbili, nusu anamvisha Enkidu, anampeleka kwa wachungaji. Enkidu anauangalia mkate kwa macho tu; hajui unafanywaje. Anakula anashiba, anashusha mitungi saba ya pombe, anaanza kuimba, anapakwa mafuta. Na usiku ukiingia anashika silaha, analinda mifugo ili wachungaji walale. Baadaye anasikia mfalme hutangulia kulala na bibi harusi wa wenyewe. Uso unambadilika. Anaenda Uruk, anasimama mlangoni, anamzuia. Yaani mtu aliyejifunza kula mkate juzi ndiye anamfundisha adabu mwenye mji!

Enkidu anapokufa, Gilgamesh hakubali azikwe mpaka funza aanguke kutoka puani mwake. Sijui mstari wa huzuni unaouma kuliko huo. Kisha anazurura akitafuta uzima usioisha, hadi ufuo wa bahari ya mwisho, anapokutana na mwanamke muuza pombe. Mama pima, kwa lugha yetu. Katika toleo la kale anamwambia uzima huo hataupata, miungu ilijiwekea wenyewe. Basi ashibe, acheze, avae nguo safi, aoge, amtazame mtoto aliyemshika mkono, amfurahishe mkewe. Hebu linganisha na somo la Shamhat: chakula, nguo, kuoga, watu. Ni somo lilelile, sasa anapewa mfalme.

Halafu mhariri akaja. Sin-leqi-unninni, msomi wa Babiloni anayetajwa kama mwenye toleo lililoenea zaidi, kati ya 1300 na 1000 KK hivi, hana maneno hayo. Kwake mama pima anapewa jina, Siduri, lakini anafunga mlango kwa woga, kisha anaelekeza njia. Mawaidha kuhusu kifo yanatolewa na Uta-napishti, mzee wa gharika, ambaye yeye mwenyewe hafi! Na utenzi unafunguliwa na kufungwa kwa ukuta: Gilgamesh, mmea wa ujana umeshaibwa na nyoka, anamwonyesha mwenye mashua matofali ya Uruk. Ni tukio kali, sikatai. Mtu amerudi mikono mitupu na hana kingine cha kuonyesha. Ila wahakiki wengi wanaligeuza jibu, eti mfalme alipata umilele kwenye ujenzi. Hapo nagoma. Matofali yalibebwa na nani? Na ukuta wenyewe leo ni vichuguu vya mchanga pale Warka, kusini mwa Iraki, wakati maneno ya mama pima yako kwenye kibao kilichovunjika, kipande Berlin, kipande London, na bado yanasomeka.

Ukitaka kuusoma kwa Kiingereza, N. K. Sandars (1960) aliyashona maneno hayo katikati ya hadithi bila wewe kuona uzi. Inasomeka vizuri, lakini inaficha ugomvi wa matoleo. Andrew George (1999) ameviweka vibao vya kale peke yao, baada ya toleo refu. Anzia huko nyuma.