Siku za Kukaa Kizimbani: Hesabu Inayookoa Paka na Mbwa

Anayetembelea kituo cha kuhifadhi paka na mbwa huuliza kwanza wamo wanyama wangapi. Swali lenye uzito zaidi ni hili: kila mnyama hukaa siku ngapi kabla ya kupata kwao? Katika kituo kinachoendeshwa vizuri, karibu kila hatua, kuanzia sindano ya kwanza hadi sanduku analojifichia paka, huchukuliwa ili siku hizo zipungue.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha wanyama wanaoingia kwa siku kwa siku anazokaa kila mmoja, nawe utapata idadi ya watakaokuwamo kwa wastani. Kituo kinachopokea wanyama 4 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 30, kitakuwa na wanyama 120. Siku zikishuka hadi 15 watakuwamo 60, ingawa waliookolewa kwa mwaka ni wale wale. Kwa wahudumu wale wale, kila mnyama anapata muda maradufu wa kuangaliwa. Mary Tealby alilijua lengo hili la kupunguza siku mapema: makao aliyoyafungua Holloway, London, mwaka 1860 yalikusudiwa kuwashika mbwa waliopotea kwa muda tu. Yalihamia Battersea mwaka 1871, yakaanza kupokea paka mwaka 1883, na hadi leo yanafanya kazi.

Kimoja kati ya vinavyorefusha sana siku ni ugonjwa, na vita dhidi yake huanzia mlangoni. Mbwa huchanjwa dhidi ya magonjwa ya virusi ya parvo na distempa saa ile ile anapopokelewa. Paka naye huchanjwa dhidi ya mafua na ugonjwa wa matumbo unaofanana na parvo. Kusubiri hadi kesho ni kumwacha mnyama bila kinga mahali penye hatari kubwa. Watoto wa mbwa na paka hurudiwa chanjo kila baada ya wiki 2 au 3 hadi wapite umri wa miezi 4, kwa sababu kinga waliyoipata katika maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo. Mgeni pia hutengwa, kwani parvo huweza kuchukua hadi siku 14 kabla ya kujionyesha.

Usafi nao una utaratibu wake. Virusi vya parvo huishi miezi mingi sakafuni na udongoni, na dawa nyingi za kusafishia haziviui. Uchafu huondolewa kwanza kwa maji na sabuni, kisha klorini huachwa juu ya sakafu kwa dakika 10 hivi. Mhudumu huanza na vizimba vya watoto wenye afya na kumalizia na wagonjwa. Akigeuza mpangilio huo, yeye mwenyewe ndiye anayesambaza maradhi.

Kwa paka, hofu nayo ni ugonjwa. Paka wengi hubeba virusi vya mafua maisha yao yote, na wasiwasi huviamsha. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2014 utafiti uliohusu paka 19 waliopokelewa kituoni: waliopewa sanduku la kujifichia walitulia mapema kuliko wasiopewa. Boksi tupu la dukani, basi, linaweza kufupisha safari ya paka kuelekea nyumbani. Mbwa wanasumbuliwa zaidi na kelele, kwani mbweko wa vizimba vilivyojaa hupita desibeli 100. Ndiyo maana hutolewa nje kutembezwa, na watoto wa mbwa hupelekwa katika familia za kuwalea kwa muda ili wazoee watu wakiwa bado wadogo.

Hakuna mnyama anayepaswa kutoka kituoni kabla ya kuhasiwa au kufungwa kizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, na mimba huchukua takriban miezi 2. Ukimtoa hivi hivi, watoto wake watarudi kwenye mlango ule ule.

Linabaki suala la kumpatia mnyama familia. Mazungumzo ya kweli yanafaa kuliko fomu ndefu: nani atabaki nyumbani mchana, kuna ua au ni ghorofani, mbwa anatakiwa kulinda au kuwa mwenzi wa watoto? Katika mwambao wetu wenye Waislamu wengi, paka hukaribishwa hadi sebuleni, lakini mbwa mara nyingi huhitaji familia yenye ua na banda. Kituo kinachoheshimu hali hiyo hupata makao yanayodumu.

Faida ya kuwachanja mbwa, safari hii dhidi ya kichaa, huvuka uzio wa kituo. Hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na ugonjwa huo huzuiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kuwapiga risasi au kuwawekea sumu hakuumalizi, maana wanaouawa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na wasio na kinga.

Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria haiwezi kumfungulia paka mlango wa nyumba, wewe unaweza. Ukitaka mnyama, anzia kituoni kabla ya kununua. Uliye naye tayari, mchanje na umfunge kizazi mwaka huu.