Swali Zuri la Chemsha Bongo

Kwenye mashindano ya chemsha bongo ya muziki na filamu, wengi humpima mtunzi wa maswali kwa ugumu wa maswali yake. Kipimo hicho kinapotosha. "Freddie Mercury alizaliwa tarehe ngapi?" ni swali gumu, lakini halina ladha. Aliyekariri atajibu, wengine watakaa kimya, na 5 Septemba 1946 ikitajwa hakuna atakayeshtuka.

Sikiliza hili: "Mwaka 1946, mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar. Ukubwani aliimbia bendi moja ya London, na filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2018, ilimpatia Rami Malek tuzo ya Oscar. Dunia inamjua kwa jina gani?" Mjuzi atabonyeza kengele akisikia Bulsara tu. Mwingine atashika Zanzibar, na mpenzi wa filamu atasubiri Malek. Dokezo gumu limetangulia, jepesi limefuata, na kila mmoja ana mahali pa kuanzia. Mpangilio huo ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta katika swali la kugombania kengele. Anza na Malek uone: utakuwa umeshindanisha wepesi wa vidole.

Kitu cha pili ni njia. Asiyejua jibu awe na namna ya kulifikia kwa kufikiri. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wimbo ambao Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, wimbo ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Ukiishia hapo, umewaulizia wacheza gemu peke yao. Ongeza kwamba maneno yake ni ya Kiswahili, na ni sala inayosaliwa makanisani kila Jumapili. Sasa mwanakwaya ambaye hajawahi kugusa gemu anaweza kusema "Baba Yetu" na kumshinda kijana aliyelicheza miaka yote. Ukumbi hulipuka kwa shangwe pale jibu linapotoka kwa mtu ambaye hakutegemewa, na mtunzi stadi huziandaa nafasi za namna hiyo kwa makusudi.

Jibu nalo liwe moja. "Nani aliimba Malaika?" ni swali la kuleta ugomvi. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akauimba duniani kote, Boney M. na Angélique Kidjo nao wakauimba. Wote ni sahihi, na jaji atatoka jasho. Kuuliza nani aliutunga ndiyo balaa zaidi, maana utunzi wake umebishaniwa miaka mingi. Lifunge swali: "Mwimbaji gani wa Afrika Kusini aliurekodi Malaika pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965?" Hapo ubishi umekwisha. Vivyo hivyo, usiulize msanii gani ana wafuasi wengi mtandaoni. Jibu la leo kesho limechacha. Kuuliza kundi la Kenya lililopata tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika mwaka 2014 ni salama, kwani Sauti Sol hawataporwa mwaka huo.

Kuhusu ukweli wa jibu, kila mtunzi aijue kesi ya Fred Worth. Mmarekani huyu aliandika kitabu cha maarifa madogomadogo na kutega humo jambo la uongo: kwamba jina la kwanza la Columbo, mpelelezi wa televisheni, ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit ukalitumia jibu hilohilo. Worth alifungua kesi mwaka 1984, akashindwa, lakini mtego wake ulikuwa umenasa. Kwa hiyo jambo kurudiwa kila mahali si ushahidi. Nenda kwenye jalada la albamu, kwenye majina yanayopita filamu inapokwisha, au kwenye orodha rasmi ya washindi wa tuzo.

Mwisho, kumbuka kwamba swali husikika, halisomwi. Mshiriki hawezi kurudi nyuma kutazama sentensi iliyompita. Msomee kwa sauti mtu ambaye hajaliona, mara moja tu, bila kufafanua. Akikuomba urudie, liandike upya kabla halijafika jukwaani.